Mpira wa mazoezi hupimwa kwa futi kamba, haubonyezwi kwa kidole

Malalamiko kuhusu mipira mikubwa ya mazoezi yameongezeka katika kitengo chetu cha fiziotherapia, na mengi yanafanana: mtu ameujaza mpira upepo mpaka ukawa mgumu kama jiwe, akaulalia chali akiwa na dambeli mikononi, ukapasuka. Tumeona ni vyema kutoa ufafanuzi.

Maandishi ya kwenye boksi yanayosema mpira haupasuki hayana maana hiyo. Yanamaanisha kwamba ukitobolewa, umetengenezwa uvuje polepole. Ukijazwa kupita kiasi, au ukiwa na mkwaruzo, usitegemee ahadi hiyo. Mwaka 2009 Francisco García, mchezaji wa kikapu wa Sacramento Kings, alivunjika mkono baada ya mpira kupasuka akinyanyua vyuma juu yake. Huyo ni mchezaji wa kulipwa, mwenye walimu wa mazoezi. Wewe uko sebuleni peke yako.

Tena hakuna faida unayoikosa. Juu ya kitu kinachoyumba, misuli hutumia sehemu ya nguvu zake kukuzuia usianguke, hivyo uzito unaoweza kuusukuma hupungua. Vyuma vizito ni vya benchi au sakafuni.

Kuhusu ujazaji, tafadhali fuateni utaratibu huu kama ulivyo. Acha mpira ukunjuke kwenye joto la chumba kwa saa chache. Ujaze hadi takriban asilimia 80 ya kipenyo kilichoandikwa, ziba, subiri saa 24 plastiki itanuke, kisha ongeza. Weka alama ya penseli ukutani kwenye kimo cha kipenyo hicho, tuseme sentimita 65, sogeza mpira hapo na ulaze ubao juu yake. Ubao ukivuka alama, punguza upepo. Kubonyeza kwa kidole si kipimo, hata kama umefanya hivyo miaka yote. Kikomo cha uzito nacho hujumlisha mwili na chochote ulichoshika.

Mazoezi yenyewe hayana ugumu. Chuchumaa huku mpira ukiwa kati ya kiuno na ukuta. Lala chali, visigino juu ya mpira, inua makalio kisha uuvute mpira kuelekea kwako. Misuli ya nyuma ya paja itakwambia yenyewe kama umefanya sawasawa. Anayeanza apunguze upepo kidogo, kwa kuwa mpira laini hutulia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Kuukalia mpira kutwa nzima mbele ya kompyuta hakuhesabiwi, na hili tumeshalijibu mara nyingi mno.

Mpira ukipasuka, usiutupe. Hifadhi vipande vyote, piga picha namba ya toleo, ambatisha risiti na uandike kipenyo ulichojaza. Wenye maumivu ya shingo, ganzi au mkono uliovimba waende kwanza hospitali, fomu ya malalamiko itasubiri. Mpira uliowahi kuzibwa kiraka hatuuchunguzi, na malalamiko yasiyo na kipande chenye tundu la pampu hurudishwa kwa mlalamikaji, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo tunapoanza kutafuta chanzo.