Kabla Faili ya Kwanza Haijahama: Namna ya Kujaribu Uhamishaji wa Data Kwenda Kwenye Wingu

Malalamiko yanayotufikia kuhusu data iliyopotea au kuharibika wakati wa kuhamia kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na kampuni nyingine, yameongezeka, na mengi yao huanza kwa maneno yaleyale: "Lakini tulijaribu kwanza." Tunapowauliza wahusika walijaribu nini hasa, hutujibu kwamba walinakili folda moja yenye nyaraka chache, wakaiona imetokea upande wa pili, wakapanga tarehe ya kuhama. Kwa heshima zote, hilo si jaribio. Kunakili folda moja kunaonyesha kwamba akaunti inafunguka na intaneti ipo; hakusemi lolote kuhusu faili nyingine zote zilizobaki, ambazo ndizo zitakazoleta matatizo.

Jaribio lenyewe huanza kabla data yoyote haijasogezwa. Programu nyingi za uhamishaji zina hali ya majaribio, ambayo hupitia kila faili kwenye hifadhi ya zamani, huilinganisha na masharti ya hifadhi mpya, kisha huandika ripoti ya yale ambayo yangetokea, bila kuhamisha kitu. Ripoti hiyo isomwe yote, kwa sababu kila hifadhi ina masharti yake. OneDrive na SharePoint, hifadhi za wingu za Microsoft, kwa mfano, hazipokei faili ambayo njia yake, yaani majina ya folda zote pamoja na jina la faili, inazidi herufi 400, wala jina lenye alama ya nyota, alama ya kuuliza au nukta mbili. Taasisi iliyozoea kuweka folda ndani ya folda kwa miaka mingi hufikia kikomo hicho bila kujua. Vilevile, seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux huhesabu "Ripoti" na "ripoti" kuwa faili mbili, ilhali mifumo mingine huziona kuwa moja, na hapo ya pili inaweza kuifuta ya kwanza bila onyo lolote. Nyaraka zilizoandikwa ndani ya Google Docs nazo hazihami jinsi zilivyo, bali hugeuzwa kuwa za muundo mwingine, na jedwali lililokuwa likikokotoa vizuri linaweza kufika likiwa limeharibika.

Muda nao ukokotolewe, usikisiwe. Terabaiti moja kwenye intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua takribani saa 22 iwapo kasi hiyo haitashuka hata kidogo, na kwa kawaida hushuka. Zaidi ya hapo, watoa huduma huweka vikomo vyao: Google Drive huruhusu akaunti moja kupakia gigabaiti 750 tu kwa siku, hivyo terabaiti tatu kupitia akaunti moja zinahitaji siku nne hata kwa mwenye intaneti ya kasi kubwa sana. Anayetangaza kwamba kazi itakwisha mwishoni mwa wiki bila kufanya hesabu hii anawaahidi wenzake jambo asilolijua.

Baada ya ripoti hiyo ndipo hufuata jaribio la nakala. Sampuli isichaguliwe kwa urahisi wake. Zichukuliwe faili kubwa kuliko zote, faili ndogo zilizo nyingi kwenye folda moja, zenye majina marefu, za zamani, na zile ambazo watu wachache tu wanaruhusiwa kuzifungua. Kuhesabu faili na kulinganisha ukubwa wake hakutoshi, kwa kuwa faili iliyoharibika inaweza kubaki na ukubwa uleule. Kinachothibitisha ni thamani ya heshi, yaani msimbo mfupi unaokokotolewa kutokana na maudhui ya faili kwa njia kama SHA-256, kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Thamani mbili zikitofautiana, faili si ileile. Tarehe za kuundwa na kubadilishwa kwa faili zikaguliwe pia, hasa kwa nyaraka ambazo siku moja zinaweza kuhitajika kama ushahidi.

Ruhusa za nani afungue faili gani ndizo zinazopuuzwa kuliko yote, na hapa naomba nieleweke vizuri. Kuona kwamba msimamizi wa mfumo anaweza kufungua faili hakuthibitishi chochote, kwa sababu msimamizi hufungua kila kitu. Ingieni kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, jaribuni kufungua faili asizostahili kuziona, na hakikisheni kwamba anakataliwa. Na ikiwa sampuli ina taarifa binafsi za watu, mazingira ya majaribio yalindwe sawasawa na mazingira halisi. Data ya kweli haipungui uzito kwa kuwekwa mahali palipoitwa pa majaribio.

Wanaodhani kwamba data ikifika salama basi kazi imekwisha, waitazame benki ya TSB ya Uingereza. Mwezi Aprili 2018 ilihamisha kumbukumbu za wateja wake zaidi ya milioni 5 kwenda kwenye mfumo mpya. Data yenyewe ilihama, lakini mfumo ulioipokea ulishindwa kubeba kazi, na wateja wengi wakashindwa kutumia akaunti zao. Benki hiyo ilikuwa na vituo viwili vya data, na sehemu muhimu ya majaribio ya uwezo wa mfumo ilifanyika kwenye kimoja tu. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia naye akatozwa faini binafsi.

Kuhusu adhabu, tunasisitiza kwamba kupoteza data kwa bahati mbaya ni uvunjaji wa usalama wa data, si tukio la kiufundi tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inataja wazi upotevu, uharibifu na mabadiliko yasiyokusudiwa. Tukio linaloweza kuathiri haki za watu huripotiwa kwa mamlaka ndani ya saa 72 tangu kufahamika, na anayechelewa hutakiwa kueleza sababu. Faini ya kushindwa kuweka ulinzi unaofaa au kutoripoti inaweza kufika euro milioni 10 au asilimia 2 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni kwa mwaka, kwa kuzingatia kiwango kilicho kikubwa. Wengi hutwambia kwamba mtoa huduma wa wingu ndiye atakayewajibika. Mtoa huduma ana wajibu wake, lakini aliyeamua kuhamisha data za watu bila kupima hawezi kumwachia mwingine wajibu huo.

Mwisho, ijaribiwe njia ya kurudi. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ulikiri kupoteza picha, video na muziki wa watumiaji katika kazi ya kuhamisha seva, na muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015 haukuweza kurejeshwa. Chukueni nakala rudufu, irejesheni kwenye kompyuta nyingine, fungueni faili zake na pimeni muda uliotumika. Hifadhi ya zamani ibaki ikisomeka tu, bila kuandikwa wala kufutwa, hadi thamani za heshi za faili zote zilinganishwe na wenye data wathibitishe kwa maandishi kwamba wamezikagua. Tarehe ya kuizima ipangwe baada ya uthibitisho huo kupokelewa.