Kinywa kikavu: tusiseme "ni uzee tu"

Mama yangu ana miaka 68. Usiku huamka ulimi umegandana na kaakaa. Si umri huo?

Umri usibebeshwe lawama zote. Kwa watu wazima, mara nyingi chanzo ni dawa: furosemaidi ya kupunguza maji mwilini, klorofeniramini ya mafua na mzio, amitriptilini ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Mwingine anameza zote tatu, kila moja aliandikiwa na daktari wake. Mkienda kliniki bebeni mfuko mzima wa dawa, pamoja na za dukani na za mitishamba, mzimwage mezani daktari azione. Anaweza kubadili dawa, kupunguza dozi au kupanga upya saa za kumeza. Tafadhali, asiziache mwenyewe. Kwa mfano, kama ana presha, ikiachwa bila dawa inaweza kumletea kiharusi.

Vipi kama hatumii dawa yoyote?

Kama ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara na anakonda, apimwe sukari. Macho nayo yakiwa makavu, yanakereketa kama yameingia mchanga, mtajieni daktari hilo pia: upo ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi. Mionzi ya saratani ya kichwa na shingo nayo hukausha mate. Kulala mdomo wazi pia.

Mate yakipungua kuna hasara gani hasa?

Kwa siku tunatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate. Yanaosha mabaki ya chakula, yanapunguza makali ya asidi na kulirudishia jino madini. Yakikauka, tonge la ugali linazunguka mdomoni na halishuki mpaka lisukumwe na maji. Meno huanza kutoboka pale chini karibu na ufizi, na fangasi huweza kuota, ulimi ukauma na kufanya utando mweupe.

Ananyonya pipi ili mate yatoke. Anakosea?

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana nia yake ni njema. Mate ya kuiosha ile sukari hayapo, kwa hiyo inabaki juu ya meno. Soda na chai ya sukari ya kuonjaonja kutwa nzima ni hivyohivyo. Ndimu nayo asidi yake inakula meno. Anywe maji funda mojamoja, atafune bigijii isiyo na sukari, chakula kiwe na mchuzi. Apige mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi. Maji ya kusukutulia yenye alkoholi ayaepuke. Kama ana meno ya bandia, ayavue anapolala.

Na kwa mtoto, ni wakati gani wa kukimbia hospitali?

Mtoto anayeharisha, kinywa kimekauka, macho yameingia ndani, analia bila machozi: huyo amepungukiwa maji. Mwanzishie ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, na mwondoke naye saa hiyohiyo, mkiendelea kumnywesha njiani.