Ndoa haigeuki kadi ya kazi

Lubumbashi, katika komini za Kenya (ile yetu, si nchi) na Ruashi, wengi wanaamini hivi: Mzambia au Mtanzania akioa hapa, akazaa, akakaa miaka 10, amekuwa mwenyeji, viza na kadi ya kazi ni za wageni wapya. Imani hii inaeleweka. Mtu anayeitwa shemeji mtaa mzima, tena anaongea Kiswahili chetu, nani atamwona mgeni?

Ila sheria ya uraia ya Kongo (DRC) ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema wazi: ndoa yenyewe haibadilishi uraia. Baada ya miaka 7 ya ndoa, kama bado wanaishi pamoja, mgeni anaweza kuomba. Kuomba tu, si kupewa. Mpaka apewe uraia, anahitaji karatasi mbili: viza ya kukaa, na kadi ya kazi ya kuajiriwa. Moja haishiki nafasi ya nyingine.

Fungua pasipoti, soma aina ya viza na tarehe inapoisha. Sheria yenyewe imo katika gazeti rasmi la serikali, kwa Kifaransa. Tafuta sehemu ya ndoa, ni fupi.