Shajara na barua: maandishi ya mtu asiyeijua kesho yake

Tarehe 27 Aprili 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, alifungua daftari lake akaandika maneno machache: amechoka kabisa, hawasafiri, amewatuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa, na wako ukingoni mwa mto Molilamo. Baada ya hapo hakuandika tena. Siku chache baadaye, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, roho imeshatoka.

Mimi kila nikisoma hapo hukwama kwenye wale mbuzi. Mtu anayetuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa ni mtu anayetarajia kunywa maziwa kesho. Angepona akaja kusimulia safari ile akiwa mzee, mbuzi asingewakumbuka, angesimulia mito, milima na Mungu. Daftari likawabakiza kwa sababu siku ile ndio waliokuwa jambo lenyewe.

Maandishi ya namna hii ndiyo huitwa shajara: yale anayoyaandika mtu siku kwa siku, au kila apatapo nafasi, juu ya yaliyompata, aliyoyaona na aliyoyawaza, na aghalabu anajiandikia mwenyewe. Waliosoma Kenya wanalijua neno hili tangu shuleni, maana hufundishwa pamoja na barua, wasifu na tawasifu. Tanzania wengi wetu tunasema dayari, au kitabu cha kumbukumbu, ijapokuwa kumbukumbu ni pia yale yanayoandikwa na katibu kwenye kikao. Kwa Kiarabu shajara ni mti. Na kwa sadfa, yule kijana aliyeandika kifo cha Livingstone aliandika kwa njia zote mbili: Jacob Wainwright, mmoja wa waliobeba maiti kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, aliweka shajara ya safari ile, na kabla ya kuondoka alichonga jina na tarehe kwenye gome la mti. Tarehe aliyochonga ni 4 Mei. Vitabu vingi vinasema Livingstone alifariki tarehe 1. Hata aliyekuwepo, mwenye kisu mkononi, hesabu yake ya siku hailingani na ya wengine.

Tofauti ya shajara na tawasifu iko hapo kwenye mbuzi. Tawasifu huandikwa na mtu aliyekwisha kuvuka mto, anageuka nyuma anatuonyesha alipopita. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alipoyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, naye amekwisha kutulia Unguja mtu mzima, alijua vita gani alishinda na biashara gani ilimlipa, kwa hiyo kila tukio lilijipanga kuelekea mwisho anaoujua. Mwenye shajara yumo majini bado. Hajui kina. Anaweza leo kumsifu mtu atakayemdhulumu mwezi ujao, au kuogopa homa itakayopita bila madhara, na yote hayo yanabaki yalivyo. Kwa anayetaka kujua maisha ya mtu, kutojua huko ndiko kwenye thamani.

Lakini si kila daftari ni bichi kiasi hicho. Wasafiri wa zamani walikuwa na madaftari mawili. Moja dogo la mfukoni, la njiani, lenye maneno yaliyokatwakatwa. Jingine kubwa, ambalo mtu akifika mahali pa kutulia hunakili humo yale ya njiani kwa mwandiko mzuri na sentensi kamili. Katika kunakili, mtu huanza kujisahihisha.

Mfano ninaoujua vizuri unatoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Kongo ya leo. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa amekwama huko, karatasi zimekwisha na wino umekwisha. Akachukua gazeti kuukuu la London akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akiyakatiza kwa kupita upande mwingine. Wino akautengeneza kwa mbegu za mzingifuri, zile nyekundu wanazochezea watoto Unguja na Pemba kwa kujipaka midomoni. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliingia na bunduki kwenye soko lililojaa wanawake, wakapiga. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe, kwa mujibu wa Livingstone, walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Msomaji wa Kiswahili asiipite habari hii mbio, maana waliofanya hayo walisema lugha yetu.

Habari hizo zilipofika Uingereza zilichangia shinikizo lililozaa mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Ila walichokisoma Waingereza ni nakala safi. Yale magazeti yenyewe yalififia, wino wa mzingifuri ukapauka hata jicho halioni kitu. Karibu miaka 140 baadaye wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, kila mwanga ukaibua kilichofichwa na mwingine, hadi mwandiko ukasomeka. Walipolinganisha na nakala safi wakaona kwamba aliponakili alibadilisha mambo, na maneno yake juu ya watu wa msafara wake mwenyewe yalilainishwa. Simlaumu. Lakini tangu nilipojua hayo, nikikabidhiwa shajara iliyochapwa huuliza kwanza: hili ni daftari la njiani au ni la kutulia? Na nani mwingine amepitisha kalamu?

Tuje kwenye barua, ambako sisi tuna utajiri zaidi.

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nusu hiyo tunayo kwa karne nyingi. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyosalia ni barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hadi leo ziko Goa, India, kwa sababu zilipita mikononi mwa Wareno. Ni barua za wakubwa na siasa. Za watu wa kawaida ni nyingi mno kuliko hizo na nyingi zimekwisha kuliwa na mchwa.

Kinachoitofautisha barua na shajara ni kwamba barua ina macho ya mtu upande wa pili. Mwandishi anamwona anayeandikiwa, naye hujipanga mbele yake kama mtu anavyofunga vifungo akisikia hodi. Kwa hiyo barua moja haitoshi kumjua mtu. Mwana anayemwandikia baba si yule yule anapomwandikia rafiki, ingawa kalamu ni moja na siku ni moja. Msomaji mwangalifu humtafuta mwandishi, na humtafuta pia anayeandikiwa.

Barua ya Kiswahili ina jambo la pili, nalo ni zile salamu. Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali. Ama sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu. Mgeni huruka maneno haya akidhani ni mapambo. Ni kosa kubwa. Katika barua iliyojengwa kwa maneno yasiyobadilika, panapobadilika ndipo penye habari. Aliyezoea kuandika "hatujambo sote" akiandika "hatujambo kidogo" ameshasema, na nyumba nzima itakayosomewa barua hiyo itanyamaza. Halafu kuna neno "ila". "Sisi huku wazima, ila..." Baada ya ila hiyo ndipo barua inapoanza.

Nyumba nzima itakayosomewa, nimesema, maana barua zetu hazikuwa za siri sana. Aliyejua kuandika alikuwa mmoja, wenye maneno wakawa wengi. Hili si la enzi ya shule tu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, maradhi yamemshika hata yakatimia mwaka, alimwita binti yake:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Njoo mbele yangu ukae, na wino na karatasi. Watu huufundisha Utendi huo wa Mwana Kupona kama kitabu cha adabu za mke, wakasahau kwamba unaanza kama wasia wa mama mgonjwa, na kwamba mwanawe ndiye anayeombwa aje na wino. Ukiusoma kama waraka wa nyumbani, kabla hujausoma kama mafunzo, sauti yake inageuka kabisa.

Kujua kuandika kulikuwa na hatari zake pia, hasa kwa mwanamke. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua Majid, ndugu yao aliyekuwa sultani, msichana huyo wa miaka kama 15 akafanywa katibu wa njama kwa sababu alijua kuandika. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1870 akabaki mjane mjini Hamburg na watoto watatu. Alitoa kitabu cha kumbukumbu mwaka 1886, nacho kinajulikana. Mimi kinachonigusa zaidi ni maandishi mengine aliyoyaita barua, akimwandikia rafiki wa nyumbani. Yalibaki katika makaratasi yake, yakaja kuchapwa mwaka 1993, yeye akiwa amefariki tangu 1924. Katika kitabu anawaeleza Wajerumani jinsi sisi tunavyoishi. Katika barua anamweleza mtu wa kwao jinsi yeye anavyoishi Ujerumani: baridi, upweke, watu wanaomkodolea macho. Mwanamke ni yule yule. Aliyegeukiwa ndiye aliyebadilika.

Kwa Shaaban Robert tuna bahati ya namna hiyo hiyo. Aliandika maisha yake mwenyewe, lakini pia ziko barua zake za tangu 1931 hadi 1958 kwa ndugu yake, Yusuf Ulenge, zilizochapwa mwaka 2002. Anayemsoma kwa mashairi tu na azitafute.

Kuna wasioonekana kabisa humu, nao ni wengi kuliko wanaoonekana. Wanawake waliopigwa risasi Nyangwe hawakuacha shajara. Wapagazi waliobeba masanduku yenye madaftari hawakuwa na daftari. Tunawaona kwa jicho la mwingine, na mara nyingi jicho hilo lilikuwa likitazama kitu kingine. Ndiyo maana shajara ya Wainwright, kijana wa Kiyao, ina uzito usiolingana na urefu wake.

Siku hizi tunaandikiana zaidi kuliko zamani, usiku na mchana, na sauti tunatumiana. Lakini simu ikianguka kisimani vimekwenda. Aliye na barua za wazee wake azitoe kwenye mfuko wa plastiki, ambao hutunza unyevu, aziweke kwenye bahasha kavu, na aandike nyuma ya bahasha nani alimwandikia nani, kwa penseli. Na kama waliohusika wako hai, awaombe ruhusa kabla ya kuzisoma mbele ya watu.

Nyumbani kwetu Pangani, mkono wa bibi nilikuwa mimi. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule, mwalimu akiita majina mstarini, na jioni bibi alikunja miguu kwenye mkeka akaanza, "Mwandikie." Mwaka 1986, vuli, bibi aliugua mguu hata kwenda msikitini kwenye maulidi akawa hawezi. Nikamwuliza kama nimwandikie baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Akasema, "Usimtie mwenzio wasiwasi. Andika hatujambo." Nikaandika hatujambo. Ila nilikuwa na miaka kumi na moja, sikujua kupunguza maneno, na aliposema nimwulize kama huko Mwanza yale mafuta ya kuchulia yanapatikana, niliandika hivyo hivyo.

Baba mdogo alipofariki nilikabidhiwa sanduku lake la bati. Barua zote zilikuwemo, zimefungwa kwa uzi wa nailoni, kila moja ina tarehe aliyoipokea. Nyuma ya ile ya mwaka 1986 kulikuwa na hesabu kwa kalamu ya risasi: nauli ya Mwanza hadi Dar es Salaam, ya Dar hadi Tanga, ya Tanga hadi Pangani, bei ya chupa mbili za mafuta, na jumla yake imepigiwa mstari mara mbili.