Viashiria vya mchochota na lishe katika damu ya mgonjwa wa saratani

Viashiria vya mchochota na lishe ni namba zinazotokana na vipimo vya kawaida vya damu, ambazo madaktari huzitumia kukadiria mwenendo wa saratani na uwezekano wa mgonjwa kuishi muda mrefu baada ya matibabu. Namba hizi hazisemi saratani iko wapi wala imesambaa kiasi gani, kwani kazi hiyo ni ya picha na ya kinyama kinachochunguzwa kwa hadubini. Zenyewe huonyesha hali ya mwili uliobeba ugonjwa huo.

Mchochota ni mwitikio wa kinga pale mwili unapojeruhiwa au kuvamiwa na vimelea, na kwa kawaida hutulia kazi ikiisha. Kwenye saratani hautulii. Mjerumani Rudolf Virchow aliziona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani tangu mwaka 1863, na leo inafahamika kwamba uvimbe huo hutoa kemikali, mojawapo ikiwa intalukini-6, ambazo zikifika kwenye ini hulifanya litengeneze kwa wingi protini iitwayo CRP na kupunguza utengenezaji wa albumini, protini kuu ya majimaji ya damu. Wakati huohuo neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, huongezeka katika damu, huku limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine ambazo baadhi yake ndizo askari wanaoua seli za saratani, zikipungua.

Tuchukue mfano wa mama wa Chamwino mwenye saratani ya umio, ambaye ugali wa uwele haupiti tena na sasa anaishi kwa uji, na amefika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Karatasi ya picha kamili ya damu inaonyesha neutrofili 6,000 na limfosaiti 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 4, na huo ndio uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha tafiti 100 zenye wagonjwa zaidi ya 40,000, ulikuta kwamba wenye uwiano mkubwa walikuwa na matarajio mabaya zaidi ya kuishi, na mpaka uliotumika katika tafiti hizo ulizunguka hiyo 4.

Albumini yake ni gramu 3.2 kwa desilita. Kanuni aliyoitoa Onodera wa Japani mwaka 1984 huzidisha albumini kwa 10, kisha hujumlisha limfosaiti zilizozidishwa kwa 0.005, kwa mama huyu ni 32 na 7.5, jumla 39.5. Onodera aliwachunguza wagonjwa wa upasuaji wa tumbo na utumbo, na aliona kwamba walio chini ya 40 wako katika hatari kubwa wakipasuliwa. Kipimo kingine, cha Glasgow, kilitokana na wagonjwa wa saratani ya mapafu mwaka 2003, nacho hutoa alama moja kwa CRP inayozidi miligramu 10 kwa lita na nyingine kwa albumini iliyo chini ya gramu 35 kwa lita.

Hapa ndipo ndugu wengi wa mgonjwa hukosea, na kosa lao ni la upendo. Wakisikia albumini imeshuka, wanaleta juisi ya rosela na bitiruti ili kuongeza damu. Albumini haishuki kwa njaa peke yake. Hushuka pia kwa sababu ini limeelekezwa kazi nyingine na mchochota, kwa hiyo chakula, ingawa ni cha lazima, hakiwezi kuipandisha vizuri iwapo saratani yenyewe au maambukizi hayajatibiwa. Mama huyu anahitaji njia ya umio ifunguliwe au alishwe kwa mpira, na uji wake uwe na karanga, maziwa na mayai.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi kwetu. VVU hupunguza limfosaiti, malaria na kifua kikuu hupandisha CRP, na deksamethasoni, dawa ya kutuliza mchochota inayotolewa pamoja na dawa nyingi za saratani, huongeza neutrofili hata kama ugonjwa haujabadilika, hivyo damu ichukuliwe kabla ya dawa hiyo na baada ya kutibu malaria. Aidha, Waafrika wengi wenye afya njema wana neutrofili chache kuliko Wazungu kwa sababu ya tofauti ya kurithi katika jeni ya Duffy, ileile inayowakinga na malaria ya vivaksi. Kwa sababu hiyo, mpaka uliopatikana kwa wagonjwa wa Ulaya au Asia unaweza kumpa mgonjwa wa Dodoma uwiano unaoonekana mzuri ilhali mchochota upo, na daktari hana budi kuutazama pamoja na hatua ya saratani, uzito uliopungua na uwezo wa mgonjwa kujihudumia.

Uwiano wa 4 hauwezi kumwambia mama wa Chamwino amebakiza miezi mingapi, kwa kuwa unaeleza wastani wa kundi, na ndani ya kundi hilo wapo walioishi miaka mingi. Unachoweza kumsaidia daktari wake ni kuamua kama aahirishe upasuaji kwa wiki chache ili ashughulikie kwanza lishe na maambukizi, kisha arudie vipimo vilevile na kulinganisha.