Faili la megabaiti 35 linapomeza megabaiti 600

Natengeneza vihariri vya maandishi, yaani programu za kufungulia na kurekebishia faili za maandishi, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kompyuta ina kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 16, faili la logi (kumbukumbu za matukio ya programu) lina gigabaiti 4, mbona kihariri kinaganda?

Tatizo huanzia kwenye mistari. Ndani ya diski, faili ni mfululizo wa baiti tu. Hakuna palipoandikwa kwamba mstari wa 900,000 unaanzia wapi. Ili kuujua, sharti alama za mstari mpya zihesabiwe kutoka mwanzo. Kihariri huifanya kazi hiyo unapofungua faili, kisha hutunza jibu la kila mstari.

Na kulitunza ni gharama. Mwaka 2018 watengenezaji wa VS Code, kihariri cha Microsoft, walieleza kisa cha faili la megabaiti 35 lenye mistari milioni 13.7. Kila mstari ulitengenezewa rekodi yake ya baiti 40 hadi 60, basi faili dogo vile likala kumbukumbu ya megabaiti 600 hivi. Wakahamia kwenye jedwali la vipande: maandishi ya asili hayaguswi, unachoongeza kinawekwa kando, na mti wa vipande unaonyesha kipi kinafuata kipi. Naupenda mno mpangilio huu. Ukifuta herufi moja katikati ya faili, maandishi yaliyobaki hayasogezwi hata kidogo.

Kuna pia vihariri vinavyogeuza UTF-8 kuwa UTF-16, njia mbili tofauti za kuandika herufi kwa baiti. Herufi ya baiti 1 inakuwa 2, na gigabaiti 4 zinakuwa 8.

Linalonisumbua zaidi ni faili la JSON (muundo wa kuhifadhi data kama maandishi) lililoondolewa mistari mipya likawa mstari mmoja wa megabaiti 200. Hapo ile orodha ya mwanzo wa kila mstari haisaidii kitu. Kuukunja mstari huo utoshe kwenye skrini ni kupima upana wa herufi moja baada ya nyingine, na kuupaka rangi, kila aina ya neno na rangi yake, ni kujua kama kuna alama ya nukuu iliyofunguliwa mbali huko nyuma. Ndiyo maana vihariri vingi huzima rangi faili likizidi kiwango fulani, na naona ni uamuzi sahihi.

Kama unataka kusoma tu, tumia less, programu ya kusomea faili kwenye dirisha la amri. Hufungua papo hapo kwa kuwa husoma sehemu inayoonekana tu. Ila iambie ionyeshe namba za mistari kisha uruke hadi mwisho wa faili: nayo itasimama, ianze kuhesabu.