Punje za mchele zinazomnyonya chaza usiku

Wiki tano zilizopita mzee mmoja wa hapa Muscat, mzaliwa wa Unguja, anayefuga chaza wa miamba, jamii ya *Tridacna*, kwenye tangi la maji ya bahari nyumbani kwake, alinipigia simu baada ya sala ya isha. "Mwanangu, yule chaza wangu amenuna."

Nilimwelewa mara moja. Chaza aliyenuna ni yule anayelikunja joho lake ndani ya gamba. Joho ni ile nyama laini yenye rangi ya buluu, kijani au dhahabu inayotokeza nje ya midomo ya gamba. Ndani yake wanaishi mwani wadogo wa hadubini, na hao ndio wanaomtengenezea chaza sehemu kubwa ya chakula chake kwa kutumia mwanga. Kwa hiyo mchana kutwa hulitandaza kama mkeka juani. Ukiona halitandazi tena, ujue hapati chakula.

Mzee alikuwa ameshahangaika. Taa amebadilisha, maji amepima: kalisiamu miligramu 430 kwa lita, joto nyuzi 26, chumvi 35 kwa elfu. Yote sawa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, umemtazama usiku?" Hakuwahi. Nikamwomba azime taa za tangi, akae saa moja na nusu, kisha achukue tochi, aifunike kwa karatasi ya plastiki nyekundu, amulike pole pole kwenye ukingo wa joho na chini ya gamba.

Saa tano usiku simu ikalia. "Mwanangu, mna mchele humu!"

Huo "mchele" ndio ninaotaka kuueleza leo, kwa sababu naulizwa habari zake karibu kila mwezi, na kila mara mwenye tangi ameshamaliza fedha kwenye taa na dawa za maji kabla hajamtazama chaza mwenyewe kwa tochi. Nami nilipita hapo hapo. Natunza matangi ya matumbawe majumbani mwa watu mwaka wa 12 sasa, na chaza wa kwanza niliyempoteza, *Tridacna maxima* wa sentimita 6, nilimpoteza kwa kudhani mwanga haumtoshi. Nilipandisha taa wiki baada ya wiki. Alipokufa nikamgeuza, na pale chini, kwenye tundu anakotolea nyuzi za kujishikiza kwenye jiwe, nikahesabu konokono 40 na zaidi. Walikuwa pale siku zote.

Ni konokono wa familia ya Pyramidellidae. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 au 3 hivi, mweupe wa kung'aa, amechongoka kama pia ndogo. Ukimweka chini ya lenzi ya kukuza mara 10 utaona jambo la ajabu: ile ncha kabisa ya gamba imelala upande, kana kwamba imebandikwa vibaya. Akiwa kiluwiluwi gamba lake hujizungusha kuelekea kushoto, kisha anapokua hugeuka na kujizungusha kulia. Ncha iliyolala ndiyo kumbukumbu ya utoto wake. Mimi hupenda kuwaonyesha wenye matangi alama hii kwa sababu inawazoesha kumtazama mdudu kwa makini, na mtu aliyeiona mara moja hawachanganyi tena hawa na vidudu vingine vya tangini.

Konokono wengi wana ulimi wenye meno kama tupa, wanaukwangua mwani kwenye kioo. Hawa hawana ulimi huo. Wana mrija mrefu wenye sindano mbele, na nyuma ya sindano misuli inayovuta kama pampu. Usiku hupanda mpaka ukingo wa joho, wakachoma, wakanyonya maji ya mwili wa chaza. Kukipambazuka wanashuka: wengine hujibanza chini karibu na tundu la nyuzi, wengine katikati ya vile vigae vilivyosimama kwenye gamba. Mtu anayetazama tangi lake saa nne asubuhi na kikombe cha chai mkononi hawezi kuwaona.

Tena kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Wakikutana wawili, wote wawili wanaweza kutaga. Mayai hukaa ndani ya kipande cha ute unaopitisha mwanga, kimebandikwa kwenye gamba la chaza. Hapa ndipo penye vita vyenyewe, na nitaparudia.

Chaza mkubwa wa sentimita 20 anaweza kubeba konokono kadhaa na asionyeshe kitu. Mtoto wa sentimita 3 hawezi. Waliokuwa wakizalisha chaza kwa wingi katika miaka ya 1980, huko kwenye visiwa vya Palau katika Pasifiki na kwenye Kisiwa cha Orpheus nchini Australia, walikutana na vimelea hawa kwenye mabirika ya vitoto, kwa sababu birika la kufugia halina samaki wa kuwala wala kaa wa kuwasumbua, na chaza wamelala bega kwa bega. Tangi la nyumbani ni birika kama hilo. Nimekulia Pemba, na maji ya bamvua yakitoka tulikuwa tukiwakuta maxima wamezama kwenye mwamba, midomo ya buluu inafumba ukipitisha kivuli tu. Sikumbuki hata mmoja aliyevikwa mchele. Mwamba una walinzi wake.

Sasa kazi. Silaha yangu ni mswaki wa mtoto, laini, mpya, usiowahi kupakwa dawa ya meno. Nachukua mabeseni mawili na kuyajaza maji ya tangi lenyewe, ili joto na chumvi visimshtue. Kama chaza amejishika kwenye jiwe dogo, namtoa na jiwe lake. Kama amejishika kwenye mwamba mkubwa, napitisha wembe mwembamba kati yake na mwamba, nakata nyuzi karibu kabisa na jiwe. Kumvuta ni marufuku. Nyuzi zimeota kutoka kwenye kiungo cha ndani. Ukivuta kiungo kikang'oka, chaza atakufa hata kama hakuna konokono hata mmoja duniani. Nyuzi zilizokatwa ataota nyingine.

Kwenye beseni la kwanza napiga mswaki kutoka kwenye bawaba kuelekea midomoni. Maxima ni mwepesi, gamba lake halina vigae virefu. *Tridacna squamosa*, kama huyu wa mzee, ni mtihani: gamba lake limepangwa vigae kama ngazi, na kila ngazi ni chumba cha kujificha. Hapo natumia kijiti cha meno, naingiza chini ya kigae na kukizungusha polepole. Kwenye tundu la nyuzi sipigi mswaki kabisa, nyama yake iko wazi. Natumia kibano na subira, natoa mmoja mmoja.

Mayai huyaoni ukitazama moja kwa moja. Geuza gamba mpaka mwanga wa taa uje kwa ubavu. Ute utamulika kidogo kama alama ya mate iliyokauka, na ndani yake vidoa vyeupe vidogo mno. Ukigusa kwa ukucha unateleza. Kwangua mpaka gamba lishike ukucha tena. Kisha suuza kwenye beseni la pili, tazama tena, na maji ya mabeseni yote mawili mwaga chooni. Nimemwona mtu akiyarudisha tangini kwa kuonea huruma chumvi yake ya bei, na kazi yote ikawa bure.

Unapomrudisha chaza, mzamishe kwa kumwinamisha huku na huku mpaka viputo vya hewa vimtoke.

Ratiba yangu ni kila siku 5, kwa wiki 8. Watu wengi hushindwa hapa. Mara ya kwanza wanatoa konokono 30, mara ya pili 4, mara ya tatu hawaoni hata mmoja, chaza amefunguka, wanafurahi na kuacha. Baada ya mwezi na nusu wananipigia simu. Hawakukosea mahali pengine popote: walihesabu konokono, hawakuhesabu mayai. Kipande kimoja cha ute kilichobaki chini ya kigae kinatosha kuanza upya. Kwa hiyo wiki usiyoona kitu ndiyo wiki ya kutumia lenzi. Na kama una chaza watatu, wote watatu wanaswakiwa siku moja, hata kama anayenuna ni mmoja. Jiwe walilokalia nalo lipigwe mswaki nje ya tangi.

Naulizwa sana kuhusu maji yasiyo na chumvi. Wapo wanaomtumbukiza chaza humo kwa muda ili konokono wafe. Mimi simfanyii hivyo chaza mdogo aliyekwisha kudhoofika. Konokono ana kifuniko, anajifungia ndani ya gamba lake. Mayai yamo ndani ya ute. Anayebaki kuumia ni mgonjwa wako.

Dawa za shaba, zile wanazopewa samaki wenye madoa meupe, zisikaribie tangi lenye chaza kwa sababu yoyote. Shaba inamuua chaza kama inavyomuua konokono, na yeye ndiye atakayetangulia.

Samaki wanasaidia, ila kwa sehemu yao. *Pseudocheilinus hexataenia*, yule mdogo mwenye mistari sita anayepatikana kuanzia pwani yetu mpaka katikati ya Pasifiki, hushinda akichungulia mashimo na kudonoa vidudu. *Halichoeres iridis*, mwenye kichwa cha manjano na mwili wa hudhurungi iliyokolea, anatoka bahari yetu ya magharibi ya Hindi na anafanya kazi ile ile. Nawapenda wote wawili. Lakini samaki hawa hulala usiku, saa ile ile konokono wanapopanda, na mdomo wa samaki haufiki chini ya kigae wala kwenye tundu la nyuzi. Kwangu samaki ni mlinzi wa baada ya mswaki. Na yule wa mistari sita, akishazoea tangi, huwa mkali kwa samaki wageni; mfikirie kabla ya kumnunua kwa ajili ya kazi moja.

Si kila cheupe ni adui. Vile vizunguko vidogo vyeupe vilivyogandia gambani wala havisogei ni nyumba za minyoo isiyo na madhara. Konokono aliye bapa kama sikio, anayekimbia ukimmulika, anakula mwani tu, mwache. Kuna vilevile ndugu wa hawa wanyonyaji wanaokaa kwenye magamba ya konokono wakubwa wasafisha vioo. Ukiwaona huko, watoe huko huko, usingoje kujua kama watahamia kwa chaza.

Aliye mbaya kuliko wote ni mkubwa kiasi cha kidole gumba, gamba la kahawia lenye manyoya: konokono wa jamii ya *Cymatium*. Huyu hanyonyi, anakula. Huingia akiwa mdogo sana kupitia tundu la nyuzi au midomoni, na chaza aliyekuwa mzima jana leo ni gamba tupu. Wafugaji wa Palau na wa Visiwa vya Solomon waliwapoteza chaza wengi kwake, wakajifunza kuinua vizimba juu ya sakafu ya bahari na kuvikagua mara kwa mara. Kwake hakuna ratiba ya mswaki: mtafute, mtoe kwa mkono siku hiyo hiyo, kisha kagua chaza wengine wote.

Yote haya hupungua sana chaza mpya akikaa karantini wiki 6 kwenye tangi dogo lenye taa nzuri, akikaguliwa kwa lenzi siku anayoingia. Na dukani omba kumgeuza kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa chaza asitazamwe upande wa chini, mwache na chaza wake. Omba pia karatasi za kibali, maana chaza hawa wote wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Wa kufugwa wanapatikana, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwang'oa wale wa miamba ya kwetu.

Jana nilikuwa kwa mzee. Tulimtandikia chaza taulo mezani, yeye ameshika taa ya ubavuni, mimi kijiti. Konokono alikuwa mmoja tu, na kipande kimoja cha mayai kwenye kigae cha tatu, upande wa bawaba. Mzee ndiye aliyekiona, kabla yangu. Joho limeshatoka mpaka ukingoni upande wa kulia. Wa kushoto bado analikunja kidogo. Mara ijayo ni Jumanne.